Bendera ya Anko Njeru

Wanja wangu,

Salamu sikuandikii. Tumeachana sasa hivi hapo mlangoni ukienda kuwaaga wenzako wa kwaya, na bado naisikia sauti yako huko barabarani. Mambo ya soksi nzito, ya kuweka akiba, ya kusoma Biblia hata kama ni mstari mmoja kabla ya kulala, baba yako ameyamaliza mezani. Nilikutazama ukimwitikia "ndiyo baba, ndiyo baba," na githeri yako inapoa. Sitayarudia. Barua hii ni ya jambo moja tu, lile lililotukosanisha mchana.

Uliniuliza, "Mama, bendera ya Anko Njeru iko wapi? Nataka kwenda nayo jeshini."

Nikakwambia sijui.

Ukasema, "Mama, kitu kama hicho hakipotei."

Nikakufokea. Nikakwambia upange nguo zako uache kunichunguza. Nimekufokea siku yako ya mwisho nyumbani, na juu ya hayo nimekudanganya. Najua iko wapi. Nimechoka kujifanya sijui, na kesho utakuwa mbali, kwa hivyo wacha nikueleze kwa mwendo wangu. Mwanzo wake si Njeru. Mwanzo wake ni Guka.

Wewe ulimjua babu yako akiwa mzee wa kuota jua, anayekutuma kiberiti na kukusahau. Mimi nilimjua akiwa na mabega. Na nilimjua kama mtu mmoja tu katika kijiji chetu ambaye hakuisimamia bendera.

Zamani, nikiwa msichana wa shule ya msingi, bendera ilikuwa ikiteremshwa jioni kwenye kambi ya chifu, na askari akipuliza filimbi kila kitu kinasimama. Mwenye baiskeli anashuka. Mama aliyebeba kuni mgongoni anasimama nazo, kamba inamkata kipaji cha uso, mpaka kitambaa kifike chini na filimbi ilie tena. Nyinyi hamkuyaona hayo. Sisi tuliyaona ya kawaida, kama mvua.

Jioni moja nilikuwa natoka shule, na Guka alikuwa mbele yangu na mzigo wa majani ya nepia begani. Mahali penyewe sitapataja, aibu yake ni ya zamani na waliokuwako wengi wamekufa. Filimbi ikalia. Nikasimama, mikono ubavuni, kidevu juu, kama tulivyofundishwa. Guka akaendelea kutembea. Hakukimbia wala hakuharakisha. Alitembea kama mtu anayekwenda kulisha ng'ombe wake.

Askari akaita, "Wee mzee! Husikii filimbi?"

Guka akajibu bila kugeuka, "Nasikia. Na ng'ombe pia nasikia."

Watu wengine walitaka kucheka wakashindwa, maana haikuruhusiwa. Askari akamfikia, akamzaba kofi, nepia ikamwagika barabarani. Na mimi, Wanja, nilisimama. Bendera ilikuwa bado iko katikati ya mlingoti, inashuka polepole, na mimi nikamwangalia baba yangu ameinama anaokota majani, nisisogee mpaka filimbi ya pili. Ndipo nikakimbia kumsaidia. Tulipokaribia nyumbani akasema, "Ulisimama vizuri." Mpaka leo sijui kama alikuwa akinisifu.

Cucu, mama yangu, ndiye aliyenieleza kwa nini hasimami. Guka alikuwa ameingia msituni kupigana na Mwingereza akiwa kijana ambaye ndevu hazijatoka sawasawa. Alishikwa, akawekwa kizuizini, na alipotoka akakuta mashamba yameshapimwa na kugawanywa upya. Wazee wa ukoo walikuwa wamesimama pale siku ya kupima, kila mmoja akionyesha pake, na yeye hakuwa na wa kumwonyeshea pake. Bustani ya mama yake, ile iliyokuwa na mikuyu miwili, ikawa imeandikwa jina la mtu mwingine. Kisha uhuru ukaja. Usiku ule bendera ya Mwingereza iliteremshwa na yetu ikapanda, na ikapelekwa mpaka juu ya Kirinyaga, na watu wa kijiji chetu cha Kibugu walikaa nje na baridi yao yote wakiutazama mlima gizani kana kwamba wataiona. Guka naye alikaa. Cucu alisema alikuwa na furaha kama wengine. Asubuhi yake akaamka, akachukua jembe la kuazima, akaenda kulima kibarua. Baadaye chai ilipokuja huku kwetu, alichuma majani ya watu miaka mingi, na baadhi ya majani hayo yalimea kwenye bustani ya mama yake.

Sasa mimi nikawa mwalimu. Kila mwaka, darasa la nne, nilichora mstatili ubaoni nikafundisha bendera. Nyeusi ni watu. Nyekundu ni damu iliyomwagika. Kijani ni ardhi. Nyeupe ni amani, na hiyo iliongezwa mwishoni, maana zile rangi tatu zilitoka katika bendera ya chama kilichotuongoza kwenye uhuru. Ngao na mikuki ni kulinda hayo yote. Watoto walisahau nyeupe kila mara. Wanapaka nyeusi, nyekundu na kijani zikigusana, na mimi nawarudisha: "Weka ile mistari nyembamba."

Siku moja nilikuwa nasahihisha madaftari nyumbani kwa Guka, akachukua moja akalitazama sana.

"Hii nyeupe mbona nyembamba hivi?" akauliza.

"Ndivyo ilivyo, Baba."

"Ni kama mpaka wa shamba," akasema. "Mpaka ndiyo mwembamba, na hapo ndiyo watu huuana."

Nilicheka. Nilikuwa nimesoma chuo cha ualimu Meru, na nilidhani baba yangu ni mtu wa uchungu tu, mtu ambaye historia imempita akabaki na kinyongo. Nilimpenda, lakini nilimwonea haya. Nikiwa na wageni waalimu nilikuwa nikiomba asianze kuongea. Huo ni ujinga ambao unaonekana kama elimu, na ulinikaa muda mrefu.

Njeru alikuwa tofauti na sisi wote. Ndugu yangu huyu mdogo hakuwa na uchungu wa Guka wala haya zangu. Aliingia jeshini kama ulivyoingia wewe, kwa kukimbia uwanjani na kuhesabiwa meno. Alipokuja likizo mara ya kwanza, alimwonyesha Guka ile bendera ndogo iliyoshonwa begani mwa sare. Guka akaigusa kwa kidole, akauliza, "Inakupa joto?" Njeru akacheka mpaka akakaa chini.

Nilikuwa nafundisha upande wa Nkubu simu ilipokuja kwamba amekufa huko ng'ambo ya mpaka alikotumwa na jeshi. Wewe ulikuwa mdogo, ulikuwa na mimi. Unachokumbuka ni lile lori la jeshi na wale watu waliotembea pamoja. Nikwambie usichokumbuka.

Jeneza lilikuwa limefunikwa bendera. Lilipofika kaburini waliiondoa, wakaikunja taratibu, kona juu ya kona, mikono yao imevaa glavu nyeupe, na mvua ya manyunyu inatunyeshea. Njeru hakuwa ameoa, na Cucu alikuwa ameshatangulia. Ofisa akaja mbele ya Guka, akapiga saluti, akaishika mbele yake. Kila mtu alijua habari za Guka na bendera, na nilimwona naibu wa chifu akitazama viatu vyake. Nikamwomba Mungu kwamba baba yangu asituaibishe.

Guka akauliza, "Hii ni ya nani?"

"Ni yako, mzee."

"Yangu kabisa? Hamtarudi kuchukua?"

Ofisa alikuwa kijana. "Hatutarudi, mzee. Ni yako."

Guka akaipokea kwa mikono miwili. Akageuka akaniambia mimi, kwa Kiembu, lakini kwa sauti ya kusikika, "Basi kuna kitu cha Kenya ambacho ni changu."

Nilidhani ataiweka kabatini. Watu huiweka kwenye kioo, wakaitundika ukutani karibu na picha. Guka aliikunjua usiku uleule akajifunika nayo. Nilihamia huku nyumbani mwaka uliofuata ili nimwangalie, na ndipo nilipoona kwamba anaivaa hata mchana. Baridi ya Kibugu unaijua, ile ya mwezi wa saba, ukungu unashuka kutoka msituni na kulala juu ya chai mpaka saa sita. Anajifunga nayo mabegani, anashuka mpaka senta ya chai, anakaa kwenye benchi na wachumaji wengine akingoja lori. Nyeusi shingoni, kijani kwenye magoti, na matope kidogo.

Watu wakaanza. Kanisani waliniambia kwa upole. Kisha naibu wa chifu akaja mpaka shuleni, akanisimamisha kando ya ofisi. Hakuwa mtu mbaya. Alisema, "Mwalimu, wewe unajua kuna sheria. Bendera ya taifa si blanketi. Kesho akipita mkubwa kutoka Embu akamwona mzee hivyo, mimi nitasema nini?"

Nikapandwa na joto la aibu. Mimi, mwalimu wa bendera! Nikaenda moja kwa moja kwa Guka, hata wewe sikukupitisha nyumbani ubadilishe sare. Ulikuwepo. Ulikaa kwenye kile kigoda karibu na moto.

Nikamwambia, "Baba, hiyo bendera si ya kuvaa."

"Ni ya nini?"

"Ni ya heshima. Ilifunika jeneza la Njeru."

"Najua. Ndiyo maana naivaa. Ni nguo ya mtoto wangu."

"Sheria haikubali mtu ajifunike."

"Njeru ilimfunika."

"Njeru alikuwa amekufa, Baba!"

Akasema, "Kwa hivyo lazima nife ndiyo inifunike?"

Sikuwa na jibu, na mtu asiye na jibu hupandisha sauti. Nikasema maneno ya watu kutucheka, ya cheo changu, ya kwamba amekuwa akiidharau bendera maisha yake yote na sasa anaidharau zaidi. Aliningoja nimalize. Halafu akasema jambo ambalo hakuwahi kuniambia. Alisema, "Kule msituni tulizika watu wetu bila nguo. Hatukuwa na nguo. Tulikata majani ya mti wa mugumo tukawafunika, tukaondoka mbio. Mimi nilifunika wengi kwa majani. Nilipoona Njeru amefunikwa na kitambaa kizuri hivi, nilifurahi kidogo. Ni hilo tu."

Na bado nikaichukua, Wanja. Sikiliza vizuri. Nilisikia maneno hayo, nikayaelewa, na bado nikanyoosha mkono nikaitoa mabegani mwake. Hakuvutana na mimi. Aliinua hata kiwiko kimoja ili isinase. Nikaipeleka nyumbani, nikaifua, nikaipiga pasi, nikaiweka kwenye sanduku langu chini ya nguo za Krismasi, na nikalala nikijua nimefanya jambo la heshima. Nilimpelekea blanketi jipya kesho yake. Jekundu, zito, zuri kuliko bendera. Alishukuru. Alilikunja akaliweka juu ya kiti.

Wewe ulikuwa na akili kuliko mimi. Uliniuliza tukiwa njiani, "Mama, mbona Guka hapewi nguo ya Anko?" Nikakwambia utembee.

Guka hakuugua mara moja, na sisemi baridi ndiyo iliyomuua. Daktari alisema mapafu, na alikuwa mzee ambaye mapafu yake yalianza kuharibika kizuizini kabla sijazaliwa. Lakini baada ya siku ile hakushuka tena senta ya chai. Nikija ananiita "Mwalimu." Si kwa hasira. Alikuwa amesahau tu kuniita kwa jina, au alikuwa ameamua. Niliwaza mara nyingi kuirudisha. Nilifungua sanduku nikaitoa mara kadhaa, kisha nikamkumbuka naibu wa chifu, nikamkumbuka mwalimu mkuu, nikaifunga. Nikajiambia wiki ijayo. Kitu kinachonichosha zaidi, mwanangu, hata kuliko kule kuichukua, ni hizo wiki zijazo.

Alipokufa nilikwenda mimi mwenyewe mochari kumvalisha. Nilimwomba mhudumu aniachie nafasi. Nikaitoa bendera kwenye mkoba, nikamzungushia kifuani na mgongoni, chini ya shati na lile koti lake la kanisani, nikafunga vifungo vyote. Hakuna aliyeona. Alizikwa kama mkulima, kwa nyimbo za kanisa na maombi marefu, na wazungumzaji walisema alikuwa mtu mnyamavu. Baba yako alihisi, nadhani, maana usiku ule alinishika mkono na hakuuliza kitu.

Kwa hivyo ndiko iliko. Haikupotea. Iko kule juu, chini ya ule udongo mwekundu karibu na ua wa chai, na huwezi kwenda nayo. Sijui kama ni kosa la sheria, na kama ni kosa ni langu. Sijui pia kama ilimfaa. Mtu aliyekufa hahitaji joto. Nilimpa jibu la swali lake lilelile nililoshindwa kulijibu, na jibu lenyewe lilikuwa ndiyo, ilibidi afe.

Sasa nikuambie kwa nini mchana nilikufokea badala ya kukueleza haya.

Ule mwaka vijana mlipoingia barabarani kuandamana, jirani aliniletea simu yake nikuone. Ulikuwa Embu mjini, katikati ya wenzako, umejifunga bendera mabegani, fundo shingoni. Ulirudi jioni macho mekundu, unakohoa, na sikukuuliza ya gesi ya machozi. Niliuliza, "Hiyo bendera ya nani?" Ukanijibu, "Ni yetu, Mama. Kwani ni ya nani?" Ukaenda kulala nayo. Nikasimama mlangoni nikakuangalia kwa taa ya koridoni, na nikajizuia mikono. Mikono niliiweka nyuma ya mgongo kabisa. Bendera sikuigusa.

Hata mwaka haujapita, ukaenda uwanjani kukimbia na makurutu. Wenzako walikucheka: jana ulikuwa ukiwakimbia askari, leo unataka kuwa askari. Ukawajibu kazi ni kazi. Kweli, kazi ni kazi. Diploma yako imekaa kwenye bahasha, na chai haiwezi kutulisha sote. Lakini nakujua. Najua hukwenda kwa ajili ya kazi peke yake. Unataka kuamini, kama Njeru. Sitakukataza. Nimeona nyumba hii ikiwa na mtu asiyeamini na mtu anayeamini, na wote wawili niliwapenda, na wote wawili niliwazika.

Ninachoogopa si jeneza tu, ingawa naliogopa. Naogopa siku utakayopangwa mstarini na begani una bendera, na mbele yako wamesimama watoto wa watu, nao pia wamejifunga bendera. Kitambaa ni kilekile. Sitakwambia ufanye nini siku hiyo, maana sipo, na sijui utakuwa umeagizwa nini. Kumwambia mtu "usitii" ukiwa umekaa jikoni kwako ni rahisi. Ninajua tu kwamba kusimama wima kunaweza kuonekana kama heshima kwa kila anayekutazama, na bado ukaishi nako miaka arobaini kukikuuma. Nilifundisha maana ya zile rangi nne kwa watoto wasiohesabika na sikuzijua. Wewe utajifunza kuikunja bendera, kuipandisha, kuipigia saluti bila kukosea. Jifunze. Fanya vizuri. Ila ukiona mzee ameivaa kwa sababu ya baridi, mpite tu.

Basi. Nasikia mbwa anabweka, labda ni wewe unarudi. Nitaiweka hii katikati ya sweta zako ili uikute ukishafika, si kabla, kwa kuwa sitaki tuijadili stendi mbele ya watu.

Jambo la mwisho. Njeru alikuwa akinipigia simu kutoka kule alikokuwa na kila mara anasema, "Niko poa, dada." Alikuwa poa mvua, poa jua, poa mpaka mwisho. Nilikuja kusikia kwa wenzake, kwenye matanga, kwamba kulikuwa na miezi ambayo hakuwa akilala kabisa, na alikuwa akitafuta mahali pa kujificha alie. Mimi sikujua. Nilikuwa namwambia hongera. Wewe usiniambie uko poa. Ukiwa vibaya, niambie, "Mama, niko vibaya," hata kama simu ni ya kuazima na maneno ni hayo tu. Nitakuja. Najua walinzi hawatanifungulia, na najua hakuna nitakachokusaidia. Nitakaa tu pale nje ya lango lenu, kwenye nyasi, na ukipita na wenzako mkikimbia mazoezi ya asubuhi, utaona mwanamke amekaa na kikapu chake, na utajua kuna mtu aliyekuja kwa ajili yako, si kwa ajili ya Kenya.

Mama yako, ambaye bado hajui kukuaga,
Mama Wanja